Sukari Huvuka, Insulini Haivuki: Kisukari cha Mama na Ubongo wa Mtoto

Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata katika siku ya elimu ya afya ya mama na mtoto



Chukulieni mfano wa mama mwenye umri wa miaka 33, ambaye huu ni mwaka wake wa nne akiishi na kisukari. Kila siku hujidunga sindano ya insulini kama alivyoelekezwa. Mwezi mmoja anakosa hedhi, anakwenda kupima, anaambiwa ni mjamzito. Furaha inaingia nyumbani, na hofu inaingia pamoja nayo. Jirani anamwambia kwamba dawa kali huharibu mimba. Wifi yake anamhimiza ale mara mbili ya kawaida, kwa kuwa sasa wako wawili. Mumewe, asiyejua la kusema, ananyamaza. Basi mama huyo, kwa mapenzi aliyonayo kwa mwana ambaye hajamwona bado, anaiweka sindano kando.

Mama huyo ni wa mfano tu, hana jina. Lakini uamuzi wake hufanywa na kina mama wengi, na hufanywa kwa nia njema. Hakuna katika nyumba ile aliyemtakia mtoto mabaya. Pamoja na hayo, wote wamekosea jambo moja, nalo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: wamedhani kinachomfikia mtoto ni dawa, kumbe kinachomfikia ni sukari.

Kinachovuka na kisichovuka

Kati ya mama na mtoto aliye tumboni lipo kondo la nyuma. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Kondo hupokea kutoka upande mmoja na kupitisha upande wa pili. Hupitisha hewa ya oksijeni, maji na chakula. Sukari hupita humo kwa urahisi, na kadiri sukari inavyopanda katika damu ya mama, ndivyo inavyopanda katika damu ya mtoto.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika chembechembe za mwili ili itumike. Tofauti na sukari, insulini haivuki kondo kwa kiasi cha kumwathiri mtoto. Sindano anayojidunga mama humsaidia yeye kuishusha sukari yake, wala haiendi kumdhuru aliye tumboni. Mama anapoacha sindano, hamwepushi mtoto na dawa. Humfungulia mlango wa sukari.

Jambo hili lilielezwa kwa ufasaha katikati ya karne iliyopita na daktari wa Denmark aitwaye Jørgen Pedersen. Alifafanua kwamba mtoto anayeletewa sukari nyingi hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na insulini hiyo ya ziada humnenepesha na kumletea matatizo anapozaliwa. Kabla ya insulini kuanza kutumika kama tiba mwaka 1922, mwanamke mwenye kisukari cha kutegemea insulini hakuwa na tumaini kubwa la kuishi, sembuse kubeba mimba na kuzaa salama. Leo wengi wao huzaa watoto wenye afya njema. Ni vyema neno hilo likumbukwe hadi mwisho wa mazungumzo haya: watoto wengi wa kina mama wenye kisukari huzaliwa wazima. Hatari ipo, lakini hupungua sana pale sukari inapodhibitiwa.

Siku 28 za kwanza

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando mwembamba ulio bapa mgongoni mwa kiumbe ambacho bado ni kidogo kuliko punje ya harage. Kingo mbili za utando huo huinuka, huelekeana, kisha huungana, mfano wa mkeka unaokunjwa mpaka pande zake zikutane. Hapo hufanyika mrija ambao wataalamu huuita mrija wa neva. Upande wa juu wa mrija huo huwa ubongo, na upande wa chini huwa uti wa mgongo. Kazi yote hiyo hukamilika takriban siku 28 tangu mimba itungwe.

Siku 28 tangu kutungwa kwa mimba ni kama wiki 6 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Maana yake ni kwamba mwanamke anapogundua kuwa hedhi imechelewa kwa wiki 2, mrija huo uko karibu kufungwa au umeshafungwa. Wengi huanza kliniki miezi kadhaa baadaye.

Sukari ikiwa juu sana katika siku hizo, ufungaji wa mrija unaweza kuharibika. Tafiti zilizofanywa kwa panya zimeonyesha kwamba sukari nyingi huzalisha kemikali zinazochubua chembechembe changa, na hupunguza utendaji wa jeni liitwalo Pax3, ambalo huhitajika ili kingo za utando ziungane. Mrija ukibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Miguu inaweza kupooza, haja ndogo na kubwa zikamshinda kuzizuia, na mara nyingi maji hujaa kichwani, kichwa kikawa kikubwa. Ukibaki wazi upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki, na mtoto huyo hawezi kuishi muda mrefu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe huzibwa ndani ya wiki nne tu.

Mambo mawili yafahamike wazi hapa. La kwanza, hatari hii inamhusu zaidi mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, akijua au asijue. Kisukari cha ujauzito, kile kinachoanza mimba ikiwa imekwishakua, kwa kawaida hutokea baada ya mrija kufungwa, nacho huleta matatizo ya aina nyingine. La pili, mgongo wazi na kichwa kikubwa vina sababu nyingi, na mara nyingi sababu mojawapo ni upungufu wa foliki asidi kwa mama ambaye hana kisukari chochote. Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo akizaliwa kijijini, asiwepo wa kunyosha kidole. Hakuna uchawi hapo, wala mkosi, wala adhabu ya dhambi ya mtu. Mtoto asifichwe ndani. Apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa upasuaji upo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni miongoni mwa mahali ambapo watoto hao hutibiwa hapa nchini.

Basi kinga ya siku hizi 28 huwekwa kabla hazijaanza. Mwanamke mwenye kisukari anayetarajia kupata mtoto anashauriwa amwone daktari kabla ya kushika mimba, atumie uzazi wa mpango mpaka sukari itulie, apimwe kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na kiwango hicho kishuke hadi chini ya asilimia 6.5 iwapo inawezekana bila kuanguka kwa sukari kupita kiasi. Aanze pia foliki asidi kabla ya mimba. Kiwango cha kawaida kwa mwanamke yeyote ni mikrogramu 400 kwa siku. Kwa mwenye kisukari daktari anaweza kuagiza kiwango kikubwa zaidi. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa, kwa kina mama waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, foliki asidi iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza kurudiwa kwake kwa asilimia 72.

Miezi ya kati na ya mwisho

Mrija ukishafungwa, ujenzi wa ubongo haujaisha, umeanza. Kwa miezi inayobaki chembechembe za neva huzaliana, huhama kwenda mahali pake na kuunganishwa. Katika miezi hiyo ndipo kisukari cha ujauzito hujitokeza, kwa sababu homoni za kondo la nyuma huifanya insulini ya mama ifanye kazi kwa uzito. Mwili wenye nguvu ya kutosha hutengeneza insulini zaidi. Usioweza, sukari hupanda. Mama anaweza asisikie kiu, asichoke kuliko kawaida, asijue kitu.

Mtoto aliyejaa insulini yake mwenyewe huunguza sukari kwa kasi, na ili aiunguze huhitaji oksijeni nyingi. Kondo lisipokidhi haja hiyo, mwili wake hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi. Chembe nyekundu hujengwa kwa madini ya chuma. Chuma kisipotosha, mwili wa mtoto hukitoa mahali pengine, na miongoni mwa mahali hapo ni ubongo. Damu hupewa kwanza, ubongo husubiri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walifuatilia watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi. Watoto wachanga waliozaliwa na akiba ndogo ya chuma kwa mama wenye kisukari walionyesha tofauti katika namna ubongo wao ulivyoitambua sauti ya mama na kuipambanua na sauti ya mgeni. Katika utafiti mwingine, watoto wa mwaka mmoja waliofundishwa kuiga jambo kwa kutazama walipata shida zaidi ya kulikumbuka baada ya muda kupita. Tofauti hizo zilikuwa ndogo, na hazikumaanisha kuwa watoto hao hawawezi kujifunza. Zilionyesha kwamba sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, huathirika mapema chuma kinapopungua.

Kwa sababu hiyo vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki si vya kuwekwa kabatini. Kwa mama mwenye sukari vina kazi ya ziada, nayo ni kulinda akiba ya chuma ya mtoto. Vimezwe kila siku kama ilivyoelekezwa. Chai ya rangi isinywewe pamoja na vidonge hivyo wala pamoja na mlo, kwani huzuia chuma kunyonywa. Udongo ambao wajawazito wengi huutafuna kwa hamu nao huzuia chuma, na unaweza kubeba vijidudu na madini ya sumu. Anayeshikwa na hamu ya udongo aseme kliniki bila kuona haya, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu.

Je, sukari ikifika kiwango gani ndipo iwe hatari? Utafiti uliohusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba hakuna mstari mmoja ambao chini yake pana usalama na juu yake pana balaa. Hatari ya kuzaa mtoto mkubwa na ya mtoto kuwa na insulini nyingi ilipanda hatua kwa hatua, kadiri sukari ya mama ilivyopanda. Kutokana na ushahidi huo Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 liliweka viwango vya kutambua kisukari cha ujauzito: milimoli 5.1 kwa lita au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au milimoli 10.0 saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au milimoli 8.5 baada ya saa mbili. Kipimo hicho kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28. Wenye dalili za hatari hupimwa mapema zaidi. Hao ni aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, aliyewahi kupata kisukari katika mimba iliyopita, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua kisukari, mwenye uzito mkubwa, na aliyewahi kujifungua mtoto mfu bila sababu kujulikana.

Saa za kwanza baada ya kuzaliwa

Mtoto anapozaliwa na kitovu kukatwa, sukari iliyokuwa ikitoka kwa mama husimama mara moja. Lakini kongosho la mtoto halijapata taarifa hiyo. Huendelea kumwaga insulini kama lilivyozoea, na sukari katika damu ya mtoto huporomoka ndani ya saa moja au mbili. Ubongo hautumii chakula kingine kwa wepesi kama unavyotumia sukari. Ikikosekana kwa muda mrefu chembechembe za ubongo hufa, na madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba mtoto huyo huonekana mwenye siha. Ni mnene, mashavu yamejaa, wageni humsifia. Dalili ni hizi: hutetemeka, hulegea, hanyonyi vizuri, hulala kupita kiasi, hupoa mwili, hubadilika rangi au hupata degedege. Tena wapo wasioonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo mtoto wa mama mwenye kisukari hupimwa sukari kwa tone la damu kutoka kisiginoni katika saa za mwanzo, wala haisubiriwi dalili.

Dawa ya kwanza iko kifuani mwa mama. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja ya kuzaliwa, kisha kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Abebwe kifuani ngozi kwa ngozi ili asipoe, kwa kuwa mtoto aliyepoa huimaliza sukari yake upesi. Maziwa ya kwanza ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa. Hayo ndiyo anayoyahitaji. Asipewe maji, wala uji mwepesi, wala maji ya sukari yaliyokorogwa nyumbani. Sukari ikiendelea kuwa chini, wahudumu humpa tiba ya glukosi hospitalini. Mama wa namna hii asiharakishwe kurudi nyumbani, hata kama ndugu wameshafika na gari liko nje.

Kuzaliwa kwenyewe kuna hatari zake. Mtoto mkubwa anaweza kutoka kichwa, mabega yakakwama. Hapo mambo mawili huhofiwa: kukosa hewa, ambako huuumiza ubongo, na kuvutika kwa mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Mtoto aliyeumia mishipa hiyo mkono mmoja hulegea ubavuni, hauinuki. Wengi hupona katika wiki au miezi ya mwanzo, hasa wakipelekwa mapema kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Asikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwa mkono. Haya yote ndiyo sababu mama mwenye kisukari hapangiwi kujifungulia nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na huduma ya upasuaji. Hupangiwa hospitali, na safari hupangwa kabla uchungu haujaanza.

Miaka inayofuata

Je, mtoto aliyezaliwa salama ameshavuka? Tafiti zinatoa majibu yanayohitaji kusomwa kwa utulivu. Huko California nchini Marekani, watafiti waliochunguza kumbukumbu za watoto zaidi ya 322,000 walitangaza mwaka 2015 kwamba usonji ulionekana kwa kiwango kikubwa kiasi kwa watoto ambao mama zao waligundulika na kisukari cha ujauzito kufikia wiki ya 26. Hata hivyo, hata katika kundi hilo watoto walio wengi sana hawakuwa na usonji. Nchini Sweden, utafiti wa mwaka 2014 ulilinganisha uwezo wa akili wa vijana wa kiume. Walipolinganishwa na vijana wa familia nyingine, waliozaliwa mama akiwa na kisukari walionekana kuwa nyuma kidogo. Walipolinganishwa na kaka zao wa tumbo moja, tofauti hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba malezi, elimu na hali ya nyumbani vina uzito mkubwa katika jambo hili.

Kwa mzazi, fundisho ni moja: kisukari cha mama si hukumu juu ya akili ya mtoto. Ni sababu ya kumfuatilia kwa makini zaidi. Kadi ya kliniki isiishie kwenye chanjo na mizani. Iulizwe pia kama mtoto ameanza kukaza shingo, kukaa, kusimama, kugeukia sauti, kutamka maneno na kumtazama mtu usoni kwa wakati wake. Akichelewa, apelekwe mapema. Mtoto anayezungumzishwa, anayeimbiwa na kuchezeshwa hujengwa ubongo kila siku, na kazi hiyo haihitaji fedha.

Yaliyo ndani ya uwezo wa kaya na kata

Mama aliyegundulika na sukari asiache chakula, wala asile kwa ajili ya wawili. Apunguze kiasi cha ugali, wali, viazi na ndizi katika sahani, na mahali palipoachwa pajazwe mboga za majani, maharage, kunde, dagaa, samaki au mayai. Unga wa dona una faida kuliko sembe. Soda, juisi za viwandani, chai yenye sukari nyingi, maandazi na vitumbua viwekwe mbali. Soda moja ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari ya takriban vijiko 7 vya chai. Kutembea dakika chache baada ya kula hushusha sukari, mradi mkunga au daktari hajamkataza. Lengo ambalo wengi hupewa ni sukari kuwa chini ya milimoli 5.3 kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Wengi hufika hapo kwa chakula na mwendo tu. Wasiofika huongezewa dawa, na kuongezewa dawa si kushindwa. Anayetumia sindano ajue pia dalili za sukari kushuka mno, yaani jasho, mtetemeko na kuchanganyikiwa, na awe na kitu kitamu karibu cha kumnusuru.

Baba naye ana sehemu yake. Mlo wa mama mwenye sukari hauwezi kubadilika katika nyumba ambayo chungu hakibadiliki. Baba amsindikize mkewe kliniki, asikie kwa masikio yake, na siku jirani atakaposema dawa ziachwe, awe yeye wa kujibu. Wakwe na mawifi wana sauti kubwa katika ulezi wa mimba. Sauti hiyo ielekezwe kwenye kumkumbusha mama sindano yake.

Kuhusu huduma, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba huduma za wajawazito na watoto walio chini ya umri wa miaka 5 zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, aulize maswali matatu: je, sukari yangu itapimwa lini? Kama kipimo hakipo hapa, nitaandikiwa rufaa kwenda wapi? Mtoto wangu akizaliwa, nani atampima sukari? Kuuliza si utovu wa adabu. Zahanati ikiwa haina vibanzi vya kupimia, jambo hilo lisiishie kwa mama kurudi nyumbani kimya. Lifikishwe kwenye kamati ya kituo na kwenye mkutano wa kijiji, ili lijulikane na kupangiwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopita kaya kwa kaya, waulizwe pia na wanawake ambao hawana mimba bado, kwa kuwa siku 28 zilizotajwa huanza kabla ya kliniki.

Na baada ya kujifungua, mama aliyekuwa na kisukari cha ujauzito arudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kwa wengi sukari hurudi kawaida, lakini uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele hubaki mara kadhaa zaidi kuliko kwa wengine. Anayepimwa kila mwaka hujilinda mwenyewe, na humlinda pia mtoto atakayefuata, kwa kuwa hataingia katika mimba nyingine akiwa na sukari asiyoijua.

Mazungumzo haya yalianza na mama aliyeweka sindano kando. Arudishwe kwake mwishoni. Mwisho wake haukuandikwa bado, kwa sababu unategemea yatakayosemwa katika nyumba yake jioni hiyo. Akitokea mmoja tu, awe mume, wifi, jirani au mwenyekiti wa kitongoji, wa kumwambia kwamba sukari huvuka na insulini haivuki, na kumsindikiza kituoni asubuhi inayofuata, mama huyo ataichukua tena sindano yake, na mtoto atakuwa amelindwa na watu ambao hajawaona.